Sanduku la Maswali: Kalamu Gani kwa Kioo Gani?

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu kalamu za kugusia vioo vya simu, zile zinazoitwa pia stailasi. Karibu zote zina chanzo kimoja: mtu amelipia kalamu kabla ya kujua kioo cha simu yake kinautambuaje mguso. Jibu la kwanza linaeleza hilo, na majibu mengine yanalitegemea.

SWALI: Zamani nilikuwa na Nokia 5800. Ilikuja na kalamu ndogo ya plastiki, na ilipopotea nilitumia kifuniko cha peni au hata ukucha. Simu niliyo nayo sasa haisikii kitu chochote ila kidole. Je, kioo chake ni kibovu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Kioo ni kizima, ila ni cha aina nyingine. Nokia 5800, iliyotoka 2008, ilikuwa na kioo cha mkandamizo. Juu palikuwa na tabaka laini la plastiki, chini tabaka jingine, na katikati uwazi mwembamba. Ukibonyeza, matabaka mawili yanagusana na simu inajua ni wapi. Kioo cha namna hiyo hakijali kimebonyezwa na nini.

Simu janja za leo hazipimi mkandamizo, zinapima chaji ya umeme. Chini ya glasi kumetandazwa wavu wa njia za umeme zisizoonekana kwa macho, na mistari yake imeachana kiasi cha milimita 4 hadi 5. Kidole kina maji na chumvi, kwa hiyo kinapitisha umeme. Kikikaribia wavu, kinavuta sehemu ndogo ya chaji, simu inapima upungufu kwenye mistari kadhaa ya jirani na kupiga hesabu ya mahali ulipo katikati ya mguso. Plastiki, mti na ukucha havipitishi umeme, hivyo kwa simu ni kama hakuna kilichogusa.

Hapo ndipo yanapotoka masharti mawili ya kalamu ya kawaida isiyo na betri. La kwanza, umeme uweze kupita bila kukatika kutoka kwenye ncha hadi kwenye ngozi ya mkono wako. La pili, ncha iguse eneo la kutosha. Msumari unapitisha umeme vizuri sana, lakini ncha yake ni ndogo mno na simu inauchukulia mguso huo kuwa ni kelele za umeme, yaani vurugu ndogo za umeme zisizo na maana, na kuupuuza. Ndiyo maana kalamu nyingi za madukani zina kichwa kinene cha mpira cha milimita 6 hadi 8. Wengi wanaudhika na unene huo wakidhani ni utengenezaji duni, kumbe kalamu hiyo isiyo na betri haiwezi kufanya kazi bila unene huo.

SWALI: Ninauza samaki na malipo mengi yanakuja kwa simu. Mikono yangu ina maji kutwa nzima na kioo kinarukaruka, mara kinabonyeza namba nisiyoitaka. Kalamu itanisaidia? Mama wa samaki, Dar es Salaam.

JIBU: Itakusaidia sana, mama, kwa sharti moja: kioo chenyewe kiwe kikavu. Maji yanapitisha umeme, na tone lililotulia juu ya glasi linaweza kuhesabiwa kuwa kidole cha pili. Weka kitambaa kikavu cha simu peke yake, futa kioo, kisha tumia kalamu. Mkono uliolowa hauizuii kalamu kufanya kazi, maana maji yanabaki kwenye mpini.

Chagua yenye mpini wa chuma na ncha ya kitambaa cha nyuzi zinazopitisha umeme. Ncha ya mpira mtupu nayo inafanya kazi, ila inanata kwenye kioo, inahitaji kukandamizwa kidogo, na baada ya matumizi mengi inapasuka ubavuni. Ya kitambaa inateleza. Ikichafuka, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na uiache ikauke. Mafuta ya samaki yakiganda juu yake, mguso unadhoofika. Ipo pia aina yenye kisahani cha plastiki angavu mbele, nzuri kwa kulenga, lakini kwa kazi yako siishauri: gamba au chembe ya mchanga ikinasa chini ya kisahani inaburuzwa juu ya kioo.

Ukivaa glavu za mpira, kalamu hizi zinadhoofika au kunyamaza kabisa kwa sababu glavu imeutenga mkono na mpini. Na kufungua simu kwa alama ya kidole hakuwezekani kwa kalamu yoyote. Weka namba ya siri au mchoro.

SWALI: Sina hela ya kununua kalamu. Nimeona watu wakitengeneza kwa pamba na karatasi ya foili. Nimejaribu, inashika kwa sekunde chache kisha inagoma. Ninakosea wapi? Mwanafunzi, Iringa.

JIBU: Kalamu ya kujitengenezea ni kitu cha kuaminika kabisa ikifuata masharti mawili ya jibu la kwanza. Ukituandikia kwamba inashika kisha inagoma, tunashuku pamba yako imekauka, au umezungusha selotepu pale unaposhika.

Tafuta peni iliyokwisha wino, kijiti kimoja cha pamba za masikio, na kipande cha foili ya jikoni cha sentimita 10 kwa 12. Chomoa mrija wa wino pamoja na ncha yake. Kata kijiti cha pamba katikati kwa mshazari, uchomeke upande uliokatwa kwenye tundu la mbele la peni, na uache pamba ichomoze kama sentimita 1. Kikicheza, zungushia kipande cha karatasi mpaka kikaze.

Sasa foili. Anza kuizungusha kwenye pamba yenyewe, ifunike nusu ya nyuma ya pamba, kisha iteremke mfululizo juu ya mwili wa peni mpaka ipite mahali vidole vyako vinaposhika. Ibane kwa vidole ishikane barabara. Selotepu weka mwisho wa nyuma tu. Selotepu haipitishi umeme. Ukiizungusha pale unaposhika umeikata njia, na kalamu itafanya kazi pale tu kidole kitakapogusa foili kwa bahati.

Pamba kavu haipitishi umeme, kwa hiyo idondoshee tone moja au mawili ya maji, kisha uibinye kwa kidole maji ya ziada yatoke. Iwe na unyevu, isiwe inachuruzika. Usitie chumvi. Maji ya bomba yanatosha, na chumvi inaacha utando kwenye kioo. Ukiweka ncha juu ya kioo, ibonyeze kidogo ili pamba ilale na kupata upana wa milimita 5 au 6. Shikilia kwa mlalo kiasi, kwani ukiisimamisha wima eneo la mguso linapungua na mstari unakatika.

Ikigoma tena, pima kwa mpangilio huu. Gusa kioo kwa kidole kuhakikisha simu haijaganda. Gusa pamba kwa kidole kuona kama bado ina unyevu. Kagua foili kama imechanika shingoni mwa peni, maana hapo ndipo inapopinda kila mara. Mwisho, shika simu kwa mkono wa pili badala ya kuiacha juu ya meza ya mbao. Simu iliyolala peke yake juu ya kitu kisichopitisha umeme inaweza kuusikia mguso kwa udhaifu kuliko simu iliyo mkononi mwako, na kwa kalamu dhaifu tofauti hiyo inaonekana.

Foili yenyewe isiguse kioo. Mikunjo yake ni migumu na inaacha michirizi kwenye protekta za plastiki.

SWALI: Ninafundisha hesabu na ninataka kuandika hatua za jibu kwenye simu niwatumie wanafunzi. Nimenunua kalamu ya kuchaji yenye ncha nyembamba. Mistari ya mshazari inatoka kama mawimbi, kiganja nacho kinaandika, na nikichomeka chaja mambo yanaharibika kabisa. Mwalimu, Mombasa.

JIBU: Mwalimu, umetaja matatizo matatu na kila moja lina chanzo chake.

Kalamu ya kuchaji yenye ncha ya milimita 1.5 au karibu na hapo inatoa mawimbi yake ya umeme ili kuidanganya simu kwamba pana kidole. Ndiyo maana ncha yake inaweza kuwa nyembamba. Lakini simu bado inakisia mahali ilipo kwa wavu ule ule wa milimita 4 au 5, na ncha inapopita polepole kutoka mstari mmoja hadi mwingine makisio yanayumba. Andika kwa kasi ya kawaida badala ya kuchora taratibu, na kuza ukurasa kwanza: andika tarakimu kubwa, kisha rudisha ukurasa kwenye ukubwa wake. Mayumbo ya mistari yatasinyaa pamoja na maandishi. Wanaotia sahihi kwenye hati za simu nao wafanye hivyo hivyo.

Kiganja kinaandika kwa sababu simu yako haijui ipi ni kalamu na ipi ni ngozi. Zote ni miguso. Baadhi ya programu za kuandikia zina mpangilio wa kupuuza mguso mpana; uwashe kama upo. La sivyo, weka kitambaa kikavu chini ya kiganja. Baadhi ya kalamu za namna hii zina hali mbili, moja ya iPad na nyingine ya simu, nazo hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe. Soma karatasi iliyokuja nayo uhakikishe iko kwenye hali ya simu. Kwa wanaokwenda kununua: sanduku likitaja iPad za kuanzia 2018 pekee, kalamu hiyo haitaandika kwenye simu yako hata ukiichaji usiku kucha. Apple Pencil nayo ni ya iPad na haifanyi kazi kwenye iPhone.

Kuhusu chaja, chaja duni inapitisha kelele za umeme hadi kwenye mwili wa simu, na kelele hizo zinaingia kwenye vipimo vya kioo. Vidole pia vinaathirika, mara nyingine simu inajibonyeza yenyewe. Chomoa chaja unapoandika. Kama tatizo linaondoka papo hapo, badilisha chaja, acha kioo.

Kabla ya kuilaumu kalamu, angalia protekta. Yenye uwazi wa hewa katikati, au iliyobandikwa juu ya nyingine, inaiweka ncha mbali na wavu. Kwenye simu nyingi za Samsung, ndani ya mipangilio ya skrini, kuna swichi ya kuongeza wepesi wa kioo kuhisi mguso, iliyowekwa kwa ajili ya protekta. Iwashe.

SWALI: Kaka yangu ana Galaxy Note na kalamu yake inaandika vizuri ajabu. Nimeiazima nijaribu kwenye Tecno yangu, kimya. Kuna programu ya kuiwezesha? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Hakuna. Kalamu hiyo ya Note, inayoitwa S Pen, haitumii chaji ya kidole. Chini ya kioo cha Note kuna tabaka la ziada linalotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili, yaani waya uliozungushwa, inayoitikia uga huo. Ndiyo sababu inaandika bila betri na simu inaihisi hata kabla haijagusa glasi. Simu isiyo na tabaka hilo haina kinachoweza kuisikia. Tabaka hilo limo kwenye familia ya Note tangu 2011, na kwenye simu za Samsung za S Ultra kuanzia S21 Ultra ya 2021, ingawa hiyo ya 2021 haina tundu la kuhifadhia kalamu. Baadhi ya Z Fold, simu za Samsung zinazokunjwa, zina kalamu yao maalumu yenye ncha laini. S Pen ya kawaida usiiguse kwenye kioo chao cha ndani, itakiumiza.

Mwambie na kaka yako haya. Kalamu ikikosa mahali fulani tu pa kioo, avue kava lenye sumaku na aondoe kishikio cha gari. Ikijibonyeza yenyewe hewani, ncha imekwama ndani: aichomoe kwa kibano kwa kuivuta moja kwa moja, asafishe tundu lake, kisha aweke ncha mpya hadi ikae. Na kama vidole vinafanya kazi ila kalamu imekufa tangu kioo kibadilishwe, amrudie fundi na kumuuliza kuhusu waya wa tabaka la kalamu. Huenda haukuchomekwa au umekatika.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na mikono inatetemeka. Anagusa mara moja, simu inasoma mara tatu. Nimnunulie kalamu gani? Mtoto wake, Bukoba.

JIBU: Mpe pole mama. Mnunulie nene, ya chuma, yenye ncha pana ya kitambaa, isiyo na betri ili asiwe na kitu kingine cha kukumbuka kuchaji. Ukitaka kuinenepesha mpini kwa sponji, acha sehemu ya chuma wazi pale kinapokaa kidole cha shahada, kwa sababu sponji inakata njia ya umeme na kalamu itakufa mkononi mwake.

Kalamu peke yake haitoshi. Ingia kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Kwenye Android ongeza muda wa kugusa na kushikilia uwe mrefu. Simu za Samsung zina pia mpangilio wa kupuuza miguso inayorudiwa. Anza na nusu sekunde, kaa naye apige simu na kusoma ujumbe, kisha ongeza au punguza kwa kumtazama. Kwenye iPhone mipangilio ya aina hiyo imo katika sehemu ya mguso, ndani ya ufikivu. Kuza pia maandishi na alama za programu, na ukurasa wa kwanza ubaki na zile anazotumia tu. Simu ilale mezani juu ya kitambaa kisichoteleza, na kiwiko chake kiegemee meza. Kalamu ikisumbua ikiwa mezani, ashike ukingo wa simu kwa mkono mwingine.

SWALI: Kalamu inakwaruza kioo? Msomaji, Zanzibar.

JIBU: Mpira na kitambaa havikwaruzi. Kinachokwaruza ni mchanga, ambao ni mgumu kuliko glasi ya simu. Pangusa ncha na kioo kabla ya kutumia, hasa ukitoka ufukweni, na usiihifadhi kalamu mfuko mmoja na funguo.