Maswali ya Wasomaji: Kisukari kwa Watoto

Tulipogusia kisukari cha watoto katika toleo lililopita, barua zilifika nyingi kuliko tulivyotarajia. Nimechagua tano ambazo maswali yake yanagusa familia nyingi, nikazifupisha na kuondoa majina.

*Daktari, mwanangu ana miaka 7. Aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka 3, lakini kwa wiki tatu sasa amerudia, tena kila usiku. Huamka kutafuta maji, na mwalimu wake analalamika kwamba haachi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Anakula sana, ila nguo zinampwaya. Mama mkwe ananishauri nimnyime maji kuanzia jioni, na baba yake anaona ni uvivu tu. Je, ni mambo ya ukuaji?*

Barua hii haikuweza kusubiri toleo lichapishwe. Mhariri alimpigia simu mama huyu siku ileile na kumsihi ampeleke mtoto akapimwe sukari kabla ya usiku kuingia. Ninaijibu hapa kwa ajili ya wazazi wengine, kwa sababu dalili alizozitaja ndizo hasa ambazo kila mlezi anapaswa kuzifahamu: kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kukonda wakati mtoto anakula, na uchovu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia ghafla apimwe sukari kwanza, mengine yatafuata.

Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutengeneza homoni ya insulini, na bila homoni hiyo seli nyingi za mwili haziwezi kuichukua sukari iliyomo katika damu na kuitumia kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho kinachowapata watoto wengi wenye ugonjwa huu, kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia seli zinazotengeneza insulini. Mashambulizi hayo huendelea kimyakimya kwa miezi au hata miaka, hivyo dalili zinapojitokeza sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kuharibiwa. Sukari hurundikana katika damu mpaka figo zinashindwa kuirudisha yote mwilini. Inayobaki hutoka na mkojo, na inapotoka huvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo mtoto hakojoi kwa sababu anakunywa sana, bali anakunywa kwa sababu anapoteza maji, na kumnyima maji ni kumwongezea hatari. Wakati huohuo mwili unaokosa sukari ndani ya seli huanza kuunguza mafuta na misuli, na ndiyo maana mtoto hukonda huku sahani yake ikirudi tupu.

Mafuta yanapounguzwa kwa wingi hutoa kemikali ziitwazo ketoni, ambazo huifanya damu kuwa na asidi. Hapo mtoto huanza kutapika, kulalamika tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na hatimaye husinzia na kupoteza fahamu. Hali hiyo, ketoasidosi ya kisukari, huua, na inasikitisha kwamba mara nyingi hudhaniwa kuwa nimonia, kidole tumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni huchukua chini ya dakika moja. Mtoto mwenye dalili nilizozitaja ambaye sukari yake ni milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, yaani miligramu 200 kwa desilita, wakati wowote wa siku, huhesabiwa kuwa na kisukari, na hakuna haja ya kuambiwa arudi kesho asubuhi kabla ya kula. Ukiambiwa hivyo, mzazi, omba kwa adabu apimwe hapohapo, na usiondoke.

Kuhusu uvivu, nitasema kwamba kumwadhibu mtoto kwa kukojoa kitandani hakufai hata pale ambapo hakuna ugonjwa wowote.

*Mwanangu Daktari, mjukuu wangu wa miaka 4 amepatikana na kisukari. Watu wananisema kwamba mimi ndiye niliyemharibu kwa peremende, ilhali katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa huu. Nina hatia gani? Na je, ndugu yake mdogo naye ataupata?*

Shikamoo, Bibi. Huna hatia yoyote. Kisukari cha aina ya kwanza hakisababishwi na peremende wala chakula kitamu, na sayansi haijapata jambo ambalo mlezi angeweza kulifanya au kuliacha ili kukizuia. Urithi una nafasi yake, lakini zaidi ya watoto 8 kati ya kila 10 wanaogunduliwa hawana mzazi wala ndugu wa damu moja mwenye ugonjwa huo, kwa hiyo ukoo wenu si wa ajabu. Ndugu wa mtoto mgonjwa ana uwezekano wa takriban 5 kwa 100. Ni mkubwa kuliko wa mtoto mwingine, lakini maana yake ni kwamba walio wengi hawaupati. Mtazameni kwa dalili, na msimpime kila asubuhi kwa hofu.

Wanaokulaumu huenda wanachanganya ugonjwa huu na kisukari cha aina ya pili, ambacho kwa kawaida huwapata watoto waliofikia balehe, hasa wenye uzito uliozidi na jamaa wenye kisukari, na ambao wengine huonekana na ngozi nyeusi, nene, shingoni na kwapani. Huo hutibiwa kwa kubadili ulaji, mazoezi, vidonge vya metformini, na insulini inapohitajika. Nao pia una mizizi katika urithi, hivyo vidole vya lawama havisaidii hata huko.

*Daktari, binti yangu wa miaka 11 alianza kuchomwa insulini miezi mitatu iliyopita. Ndugu mmoja alituletea unga wa mitishamba, tukaanza kumpa. Tangu hapo sukari imetulia, na kliniki wenyewe wamepunguza dozi hadi kidogo sana. Aliyetuuzia anasema sasa tuache sindano kabisa ili dawa yake ifanye kazi vizuri. Naona ushahidi kwa macho yangu. Tuache?*

Msiache, Baba. Ulichokiona ni cha kweli, lakini sababu yake siyo unga.

Mtoto anapogunduliwa huwa bado amebakiwa na seli chache za kutengeneza insulini, zilizochoka kwa kufanya kazi katika damu iliyojaa sukari. Sindano zikianza, sukari hushuka, seli hizo hupumzika na kuanza tena kutoa insulini yake ya asili. Kwa wiki kadhaa, miezi, na kwa baadhi ya watoto hata mwaka au zaidi, mahitaji ya sindano hupungua sana. Madaktari hukiita kipindi hicho fungate. Kinga ya mwili, hata hivyo, haijasimama. Inaendelea kuziharibu seli zilizobaki, na fungate huisha, mara nyingi wakati mtoto anapopata maambukizi au anapoingia balehe, ambapo homoni za ukuaji huifanya insulini ihitajike kwa wingi zaidi. Familia iliyoacha sindano hapo katikati hujikuta hospitalini na mtoto aliyepoteza fahamu, na muuzaji wa dawa hapatikani tena kwa simu. Ninakubali kwamba baadhi yao wanaamini kwa dhati wanachokiuza, maana wao nao waliona sukari ikishuka. Lakini ingeshuka hata kama mngempa mtoto maji matupu. Zaidi ya hayo, unga usiojulikana kilichomo unaweza kudhuru figo na ini.

Kupunguza dozi ni kazi ya kliniki, nao wameifanya kwa kufuata vipimo. Kuiondoa kabisa ni jambo jingine. Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla insulini haijapatikana. Watoto wenye ugonjwa huu waliwekwa kwenye chakula kidogo mno, karibu na njaa, ili waongezewe miezi ya kuishi, kisha walikufa. Tarehe 11 Januari 1922, katika jiji la Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa dondoo la kongosho lililotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best katika maabara ya John Macleod. Jaribio la kwanza halikufaulu vizuri kwa sababu dawa haikuwa safi. Baada ya James Collip kuisafisha, sindano za siku chache baadaye zilishusha sukari, na kijana huyo aliishi miaka 13 zaidi. Katika miaka zaidi ya 100 iliyopita insulini zimeboreshwa mno, lakini hakuna kilichochukua nafasi yake. Hata dawa ya teplizumabi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, haiponyi. Hutolewa kabla dalili hazijaanza, kwa watu ambao vipimo vinaonyesha kwamba ugonjwa unakuja, na huuchelewesha kwa wastani wa miaka miwili hivi.

Umeuliza pia, pembeni ya barua, kwa nini insulini haimezwi na kama inazoeza mwili. Insulini ni protini, na tumbo huimeng'enya kabla haijafika kwenye damu. Haimzoezi mtu hata kidogo. Mwili wa binti yako ungeihitaji hata kama asingechomwa sindano moja. Wapo watoto wachache ambao vidonge vinaweza kuchukua nafasi ya sindano, nao ni baadhi ya wale waliopata kisukari kabla ya kutimiza miezi 6, kwa kuwa ugonjwa wao hutokana na kasoro ya jeni moja inayothibitishwa kwa kipimo maalumu. Binti yako wa miaka 11 hayumo katika kundi hilo. Waelezeni kliniki kuhusu unga huo, bila aibu, wanahitaji kujua.

*Daktari, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Mwanafunzi wangu mwenye kisukari, akiwa kwenye mbio, alianza kutetemeka na kutoka jasho, akanijibu kwa ukali ambao si tabia yake. Nilimketisha nikampa maji. Mama yake alipofika alimpa juisi, akarudi hali yake. Je, nimwondoe kwenye michezo?*

Usimwondoe, Mwalimu, michezo inamfaa kuliko inavyowafaa wengine. Kilichotokea ni kushuka kwa sukari, yaani chini ya milimoli 3.9 kwa lita au miligramu 70 kwa desilita, kwa sababu insulini aliyochomwa ilikuwa nyingi kuliko chakula na mbio za siku hiyo. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuduwaa na ukali ni dalili za ubongo na mwili vinavyokosa sukari, kwa hiyo majibu yale usiyahesabu kuwa utovu wa nidhamu.

Maji matupu hayasaidii hapo. Mpe sukari inayofyonzwa haraka: vijiko vidogo vitatu vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari halisi. Chokoleti haifai, kwa kuwa mafuta yake huichelewesha sukari kuingia katika damu. Subiri dakika 15, apimwe tena, na kama bado iko chini umrudie. Kama mashine ya kupimia haipo karibu, mtibu kana kwamba sukari imeshuka. Usimtume peke yake ofisini wala kumwacha aende na mtoto mwenzake. Akipoteza fahamu au akianza degedege, usimtie chochote kinywani. Mlaze ubavu, achomwe glukagoni, homoni inayopandisha sukari, kama ipo na kuna aliyefundishwa kuitumia, na apelekwe hospitali mara moja. Kabla ya michezo apime sukari, ale kidogo inapohitajika, na wewe uwe na sukari mfukoni. Akiomba kwenda chooni au kunywa maji, mruhusu.

*Daktari, nyumbani hatuna jokofu, na nahofia insulini itaharibika. La pili, mtoto akiugua homa, akatapika na kukataa kula, nisimchome siku hiyo?*

Insulini isiyofunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiganda kwa baridi imeharibika hata kama imeyeyuka tena. Ombeni kliniki au jirani mwenye jokofu awatunzie akiba. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki 4 mradi joto lisizidi nyuzi 30 au kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, mbali na jua na moto; chungu cha udongo ndani ya kingine chenye mchanga uliolowanishwa hushusha joto vya kutosha katika sehemu nyingi. Chunguza pia bomba la sindano: insulini ya uniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la uniti 40, mtoto hupata dozi mara mbili na nusu ya aliyopangiwa, na sukari itashuka vibaya.

Kuhusu siku za ugonjwa, usiache insulini. Homa huongeza sukari hata tumbo likiwa tupu, na dozi huenda ikahitaji kuongezwa au kupunguzwa, jambo ambalo utalipanga na kliniki kwa simu. Pima sukari kila baada ya saa 3 au 4, usiku pia, pima ketoni za mkojo kama una vijiti vyake, na mpe vinywaji kidogokidogo: maji kama sukari iko juu, vyenye sukari kama inaelekea chini. Akitapika zaidi ya mara mbili, ketoni zikiongezeka, akipumua kwa kina na kwa kasi, akisinzia kusiko kwa kawaida, au sukari ikikataa kupanda baada ya kumpa kinywaji kitamu, nenda hospitali saa hiyohiyo, na ubebe insulini yake pamoja na daftari la vipimo.