Barua kwa mwanangu: kijiji chenye meya, kisicho na mkazi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, baba yako anaendelea na dawa zake na mguu umepungua kuvimba.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mlitoka Metz na wenzako wa chuo mkapita Fleury-devant-Douaumont, karibu na mji wa Verdun huko Ufaransa, mkaambiwa kijiji hicho kina meya hadi leo ilhali wakazi wake ni sifuri. Ukaniuliza: "Mama, huyo meya anachaguliwa na nani, na kwa nini Wafaransa hawakifuti tu?" Nilipomsomea baba yako alisema huo ndio umeya wa kuutaka, hakuna wa kukupigia kelele ofisini.

Swali la kwanza halina maneno mengi. Meya wa Fleury hapigiwi kura na mtu. Anateuliwa na mkuu wa mkoa wa Meuse, ambaye naye ameletwa na serikali kuu, na anaongoza kamati ndogo ya watu watatu. Kazi yao ni kutunza njia, kanisa dogo lililopo na kumbukumbu za kijiji, kupokea wageni, na kuandaa siku ya kuwakumbuka waliokufa. Utaratibu huu waliuweka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya vijiji tisa vya kuzunguka Verdun vilivyosagwa mwaka 1916. Serikali ilivitangaza kuwa "vimekufa kwa ajili ya Ufaransa", maneno yale yale wanayomwandikia askari aliyekufa vitani. Vitatu vilirudiwa na watu wachache. Sita, Fleury ikiwemo, havijapata mkazi tena.

La pili ndilo lenye kazi, na unajua mama yako kafundisha jiografia mpaka kastaafu, kwa hiyo vumilia nianzie kwenye mawe.

Mji wa Verdun umekaa kwenye bonde la mto Meuse. Mashariki ya mto kuna safu ya vilima vya mawe ya chokaa. Upande unaotazama Metz, vilima hivyo vimekatika kwa mteremko mkali mpaka chini kwenye uwanda wa Woëvre, ambao udongo wake ni mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama. Upande wa pili vinashuka taratibu kuelekea mtoni. Sasa Fleury ilijengwa juu huko kwenye vilima, kilomita chache tu kutoka Verdun. Aliyekuwa na Fleury mkononi alikuwa anateremka tu kuingia mjini. Mkulima aliyechagua kujenga pale zamani hakuwa na habari na mizinga. Yeye alitafuta shamba na kisima.

Kisha mpaka ukasogea. Mwaka 1871 Ufaransa ilishindwa na Wajerumani, ikapoteza jimbo la Alsace na sehemu ya jimbo la Lorraine, na hiyo Metz unayosoma ikawa mji wa Ujerumani mpaka 1918. Verdun, iliyokuwa mbali na mpaka, ikajikuta mstari wa mbele. Wafaransa wakaizungushia ngome juu ya vilima vilevile. Kubwa kuliko zote, ya Douaumont, ilianza kujengwa mwaka 1885. Fleury ikabaki katikati: Douaumont kaskazini, Vaux mashariki, Souville upande wa kusini. Nchi ilijenga ngome kuilinda Verdun, na kijiji cha wakulima kikawa njiani kati ya ngome na ngome. Naona mambo yake yaliamuliwa hapo, miaka thelathini kabla ya kombora la kwanza.

Kabla ya vita kilikuwa na watu 422. Waliishi kwa nafaka, mifugo na miti ya msituni. Mlipokuwa mnatembea pale mmeona vile vinguzo vyenye vibao: hapa palikuwa na duka la mikate, hapa shule, hapa nyumba ya mkulima, hapa mahali pa kufulia nguo. Karibu vyote ni kazi za kila siku, za watu ambao hakuna kitabu kingewataja. Nusu ya vijiji vyenye halmashauri zao huko Ufaransa, na viko karibu 35,000, vina watu wasiofika 500. Kwa hiyo Fleury haikuwa kitu cha ajabu hata kidogo. Ilikuwa ya kawaida kabisa.

Tarehe 21 Februari 1916 Wajerumani walianza kuishambulia Verdun, na wanakijiji wakaamriwa kuondoka. Siku nne baadaye ngome ya Douaumont ilitekwa karibu bila kupigana, kwa sababu Wafaransa walikuwa wameiachia askari wachache mno. Mwezi Juni zamu ya Fleury ikafika. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Wajerumani walirusha makombora ya gesi ya sumu, na kulipokucha wakaingia kijijini. Kuanzia hapo mpaka Agosti kijiji kilinyang'anywa huku na huku. Wafaransa wanahesabu mara 16. Nyumba zilikuwa zimekwisha zamani, askari walikuwa wanauana kwa ajili ya vifusi, kisha kwa ajili ya vumbi la vifusi. Kikosi kilichokitwaa kwa mara ya mwisho, tarehe 18 Agosti, ni kile cha jeshi la makoloni la Ufaransa kilichoitwa cha Morocco.

Kikosi hichohicho ndicho kilichoirudisha ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba, na hapa usikilize vizuri, maana sidhani mwenyeji wenu aliwaambia. Waliopigana nacho siku hiyo ni Wasenegali, pamoja na Wasomali wa kikosi kilichoandikishwa Djibouti. Watu wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki, Mwanangu, walipanda vile vilima kwenye tope na ukungu. Ukirudi, nenda kwenye makaburi yaliyo mbele ya jengo kubwa la mifupa pale Douaumont. Utaona sehemu ya Waislamu, mawe yake yameelekezwa Makka, hayakufuata mstari wa misalaba. Ndani ya jengo lenyewe kuna mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana, Wafaransa na Wajerumani pamoja. Chungulia kwenye vidirisha vya nyuma, chini. Usiende umeshiba.

Vita vilipokwisha wakazi walitaka kurudi, kama mtu yeyote angetaka. Serikali ikapima ikaona gharama ya kuisafisha ardhi inazidi thamani ya ardhi yenyewe. Ikaliita Eneo Jekundu, ikanunua mashamba, ikapanda msitu, misonobari kwa mamilioni. Ndiyo maana mmetembea kivulini mahali palipokuwa na ngano. Lakini chini ya miti ardhi haijasawazishwa: mashimo yamegusana mpaka imebaki kama trei ya mayai, na mabomu bado yanaokotwa. Mwaka 2013 wageni waliona mifupa imejitokeza ardhini hapohapo Fleury. Walipochimba wakatoa miili ya askari 26 wa Kifaransa, na baadhi yao wakatambuliwa kwa vile vibati vya jina, miaka 97 baadaye.

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako. Kufuta kijiji kwenye orodha ni kazi ya kalamu tu. Wafaransa wanajua kuunganisha vijiji. Vijiji vya Douaumont na Vaux, ambavyo vilirudiwa na watu, viliunganishwa mwaka 2019. Fleury waliiacha kwa makusudi. Wapo watu ambao babu zao waliandikwa katika daftari la pale, na hawana mahali pengine pa kusema "kwetu". Wapo askari ambao hadi leo wamelala ndani ya mipaka yake na hakuna anayejua ni wapi. Mipaka ikifutwa, anayefukuliwa kesho atakuwa ameokotwa msituni tu. Mimi naona wamefanya vizuri, ingawa baba yako anasema ni matumizi mabaya ya ule mshipi wa rangi za bendera anaovaa meya.

Kilichonikaa rohoni ni kwetu. Vita hivyohivyo vilipiganwa hapa, kati ya Waingereza na Wajerumani, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na mizigo. Kambi yao ya Dar es Salaam imebaki jina, Kariakoo, na watu wananunua nyanya pale kila siku bila kuwaza. Mpagazi hana hata kinguzo kinachosema alitoka kijiji gani. Nimefundisha vita hivyo darasani miaka yote na kitabu kiliwapa mistari miwili.

Basi. Ukienda tena usitoke nje ya njia zilizowekwa, na ukiona chuma chochote ardhini usikiguse, hata kiwe kidogo namna gani na hata kama wenzako wanapiga nacho picha. Makumbusho ya Verdun yako palipokuwa na stesheni ya treni ya Fleury, jipe nusu siku. Kama meya atakuwepo, muulize wanakijiji walikwenda kuishi wapi baada ya kuambiwa hawarudi, kisha uniandikie.

Mdogo wako anaomba umtafutie viatu vya mpira namba 41, na mimi nimeshamwambia fedha za chuo si za viatu.

Mama yako