Maswali ya Wasomaji: Kwa nini neno "wachache" humpita msomaji?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Niliwaandikia wazazi kwamba wanafunzi wachache walirudisha vitabu vya maktaba, na baadhi yao wakanishukuru kwa habari njema. Wiki hiyohiyo nilimwandikia mwanafunzi aliyechelewesha insha kwa siku tisa, "Hongera kwa kuwahi," naye akafurahi kwa dhati. Je, ubongo husoma maneno ya idadi na ya kinaya kwa namna ya pekee?

JIBU: Mwalimu, wazazi hao hawakuwa wazembe kama inavyoweza kudhaniwa. Watafiti hupima umeme wa ubongo kwa elektrodi zinazobandikwa kichwani huku msomaji akionyeshwa sentensi neno baada ya neno. Mwaka 1980, Marta Kutas na Steven Hillyard wa San Diego, Marekani, walionyesha kwamba neno lisiloafikiana na maana ya sentensi, kwa mfano mtu anapopaka mkate soksi, huamsha wimbi linalofikia kilele takriban milisekunde 400 baada ya neno hilo kuonekana. Wimbi hilo huitwa N400.

Mwaka 2010, Thomas Urbach na Kutas walitumia kipimo hicho kwa sentensi zinazosema kwamba wakulima wengi, au wakulima wachache, hulima mazao au hufuga minyoo. Ikiwa "wachache" limeeleweka papo hapo, basi "mazao" ndilo lingepaswa kuushtua ubongo kuliko "minyoo". Haikuwa hivyo: neno la idadi liliupunguza mshtuko wa "minyoo" kwa kiasi tu, ingawa wasomaji walewale, walipoulizwa mwishoni kama sentensi inaelekea kuwa kweli, walijibu kwa kulizingatia ipasavyo. Maana yake ni kwamba ujuzi wetu wa siku zote, kwamba mkulima hulima na mwanafunzi hurudisha vitabu, hutangulia, na idadi hufuata nyuma yake.

Lakini muktadha hubadili mambo, na hapa ndipo penye msaada kwako. Mwaka 2015 watafiti hao, pamoja na Katherine DeLong, walitanguliza sentensi kama ile isemayo kwamba Alex alikuwa mtoto asiye wa kawaida, kisha wakaeleza kile ambacho watoto wachache hupendelea. Watu waliosoma ili kuelewa tu, bila kutakiwa kutoa hukumu, walionyesha N400 iliyoufuata ukweli wa "wachache" kikamilifu. Kwa hiyo barua yako ingeanza na rafu zilizobaki tupu, ndipo itaje idadi.

Kinaya kina njia nyingine. Stefanie Regel na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya sentensi za Kijerumani zilizosomwa na zilizosikilizwa: maneno ya kinaya hayakuongeza N400, bali yaliongeza P600, wimbi linalojitokeza baadaye. Inaelekea kwamba maneno yenyewe hupokewa bila kikwazo, kisha ubongo hufanya kazi ya ziada ya kutafuta alichokusudia msemaji. Ninavyoona, mwanafunzi wako aliishia kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu pongezi ya mwalimu ni jambo analolitamani na karatasi haikumpa sura yako wala sauti. Mwandikie waziwazi kwamba insha ilichelewa kwa siku tisa.