Ukitaka kumwimba mzazi aliyefariki, anza na msamaha

Vijana wanaotunga nyimbo kwa gitaa, wakishajua kwamba nami hutunga na kujirekodi nyumbani, huniuliza swali moja kuliko mengine yote: namna ya kutunga wimbo kuhusu mzazi aliyefariki, hasa mzazi ambaye hakuwatendea vyema. Ni swali zito, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mtunzi anayeushika mwiko huo bila kuutafakari huishia kuandika risala ya msibani, yaani sifa tupu ambazo hata ndugu wa marehemu hawamtambui mtu wao ndani yake. Kabla ya kujibu, huwaomba wasikilize kwa utulivu albamu ya mtunzi na mwimbaji wa Kimarekani, Sufjan Stevens, iitwayo Carrie & Lowell, iliyotoka Machi 2015.

Carrie ni mama yake, na Lowell Brams ni baba yake wa kambo. Carrie, aliyesumbuliwa na maradhi ya akili pamoja na uraibu, aliondoka nyumbani Sufjan akiwa bado mtoto mchanga, na mwanawe hakupata kukaa naye kwa muda ila katika majira machache ya kiangazi, alipokuwa na umri wa kati ya miaka mitano na minane, wakati Carrie na Lowell walipokuwa mke na mume huko Oregon, jimbo la magharibi mwa Marekani. Ndoa hiyo ilivunjika, lakini Lowell hakumwacha mtoto. Miaka ya baadaye yeye na Sufjan walishirikiana kuanzisha lebo ya muziki ya Asthmatic Kitty, ambayo ndiyo iliyoitoa albamu hii. Carrie alifariki Desemba 2012 kwa saratani ya tumbo, na nyimbo 11 za albamu zimezaliwa na msiba huo.

Sasa tazama mahali msamaha ulipowekwa. Wengi wetu tungepanga kisa kama kesi: kwanza makosa ya mzazi, kisha maumivu ya mtoto, na mwishoni kabisa msamaha, kana kwamba ni zawadi ambayo marehemu anapewa baada ya kusomewa mashtaka. Stevens hakufanya hivyo. Katika wimbo wa kwanza kabisa, Death with Dignity, tayari anamwambia mama yake kwamba amemsamehe na kwamba anatamani kuwa karibu naye, na ni baada ya hapo tu, katika wimbo wa pili, ndipo anapotaja kwamba alipokuwa na miaka mitatu au minne mama huyo aliwaacha watoto kwenye duka la kanda za video. Laiti mpangilio ungegeuzwa, tungesikia lawama. Kwa kuwa msamaha umetangulia, tunachosikia ni mtoto anayeeleza lililotokea, naye ana haki ya kulieleza, wala hakuna aliyevunjiwa heshima. Naamini hii ndiyo njia ya kuuheshimu mwiko wetu bila kusema uongo.

Nimeijaribu njia hiyo katika nyimbo nilizotunga kuhusu marehemu baba yangu, ambaye alikuwa dereva wa malori na kwa miaka mingi nyumba yetu haikujua yuko mji gani wala yuko na nani. Wimbo uliobeba neno la kumsamehe niliuweka mwanzo. Baada ya hapo sikuhitaji tena kujitetea katika kila ubeti, wala kuongeza mistari ya kumsifu ili kusawazisha ile ya kumlaumu, na kalamu ikawa nyepesi. Mtunzi ambaye hajasamehe asilazimishe. Aendelee kuandika kwenye daftari lake, lakini asiingie studio kwanza, kwa sababu hasira inayotafuta ushahidi husikika hata mwimbaji akinong'ona.

Jambo la pili ni vitu vidogo. Katika wimbo uitwao Eugene, ambao ni jina la mji wa Oregon alikokwenda kiangazi, Stevens hatuambii kwamba mama alikuwa na mapungufu. Anatuonyesha mtindi wa limau, kisahani cha majivu ya sigara kilichoangushwa sakafuni, na mwalimu wa kuogelea aliyeshindwa kulitamka jina la mtoto akawa anamwita Subaru. Msikilizaji ambaye hajawahi kufika Oregon anaingia ndani ya nyumba hiyo mara moja. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote kubwa kama upendo, uchungu au pengo, andika orodha ya vitu ambavyo mikono ya marehemu ilivigusa. Baba yangu alikuwa akirudi usiku wa manane na kuziweka funguo za lori ndani ya kikombe cha bati ili asubuhi asizitafute, na mlio ule ndio uliotuarifu sisi watoto, tukiwa tumelala, kwamba leo yupo. Mlio huo ulinipa wimbo mzima, ilhali neno "baba" peke yake halikuwa limenipa hata ubeti.

Sauti nayo ifuate maneno. Stevens ndiye huyo huyo aliyetoa Illinois mwaka 2005, albamu iliyojaa tarumbeta, fidla na waitikiaji, na The Age of Adz mwaka 2010, iliyofurika mitambo ya kielektroniki; hakukosa uwezo wa kupiga muziki mkubwa. Katika Carrie & Lowell alichagua gitaa la kudonoa kwa vidole, kinanda, sauti yake ya chini iliyorekodiwa mara mbili ikapandishwa juu ya yenyewe, na karibu hakuna ngoma kabisa. Sehemu alizirekodi kwenye studio yake ya Brooklyn, New York, na nyingine kwa simu ya mkononi akiwa hotelini Klamath Falls, Oregon. Nasisitiza hili kwa wale wanaoahirisha kazi yao hadi wapate pesa za studio: zima friji, funga dirisha, weka simu usawa wa kidevu, na uimbe kwa sauti unayotumia kuzungumza na mtu aliyekaa kando yako. Prodyuza akikushauri uongeze biti ili wimbo "uchangamke", msikilize kwa adabu, kisha mwombe akuchezee toleo lisilo na biti, nanyi mlinganishe.

Hata hivyo, usifanye kazi hii peke yako hadi mwisho. Stevens alikuwa na rundo la nyimbo na vipande ambavyo hakuweza kuvipanga, akampelekea rafiki yake Thomas Bartlett, mwanamuziki ambaye naye alikuwa amefiwa na kaka yake, na Bartlett ndiye aliyemsaidia kuchagua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Mfiwa hawezi kukata mistari yake mwenyewe. Kila mstari anauona kama masalia ya marehemu. Mtafute mtu anayejua muziki na anayejua msiba, na ukimkabidhi kazi, umpe pia mamlaka ya kukata.

Kisha wapelekee ndugu. Mimi huanza na shangazi, kwa sababu yeye alimjua baba kabla yangu na ana haki juu ya jina lake. Alisikiliza nyimbo zote akiwa ameshika tasbihi, akaniambia, "Mwanangu, huu mstari wa hospitali uondoe, mengine ni kweli, yaache." Niliuondoa siku hiyo hiyo bila kumuuliza sababu. Mstari wa funguo aliniomba niurudie.