Tulizibua sinki miaka 2, kumbe tatizo lilikuwa uani

Swali lenu la wiki linauliza: "Sinki au bomba la maji machafu likiziba kila mara nyumbani kwako, umefanya nini hadi likaacha?" Naomba nijibu kwa kirefu kidogo, maana jambo hili limetugharimu fedha, limemuunguza mdogo wangu mkono, na limetufanya tumdhulumu mtu asiye na kosa.

Tunakaa Kigamboni, nyumba ya familia yenye vyumba viwili vya wapangaji upande wa nyuma. Maji ni ya kisima. Maji machafu yote yanaishia kwenye shimo letu wenyewe, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam ambazo mtandao wa majitaka haujazifikia. Mama anauza vitafunwa asubuhi: vitumbua, bagia, samaki wa kukaanga. Jiko letu, basi, lina mafuta kuliko majiko mengi.

Kwa miaka 2 sinki liliziba kila baada ya wiki 2 au 3, na tukazoea. Kwanza tunamwaga maji ya moto. Yakishindwa, tunasukuma kwa mpira wa kuzibulia. Ukishindwa, anaitwa fundi. Anakuja na waya wake, anauingiza, anauzungusha, maji yanashuka kwa kishindo, analipwa, anaondoka. Siku 20 baadaye tumerudi palepale. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza waya ule ulikuwa ukiusukuma uchafu kwenda wapi.

Ndipo mdogo wangu akaambiwa habari za kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Akaimimina kwenye tundu la sinki, kisha akamwagia maji juu yake. Ilichemka ikamrukia mkononi. Tulimweka chini ya bomba linalotiririka muda mrefu kabla ya kumkimbiza hospitali, na daktari alisema maji yale ndiyo yaliyomwokoa. Kovu analo mpaka leo. Nawasihi wasomaji wenzangu, hasa wenye watoto: kama ni lazima muitumie, kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji mengi ya baridi, kidogo kidogo, wala si maji kumwagwa juu ya kostiki. Vaeni glavu na kitu cha kukinga macho. Na msije mkafuatisha asidi ya betri au dawa kali ya choo baada yake, wala msichanganye dawa yenye asidi na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo wa mwisho hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha halina pa kuitolea.

Hata tukiiacha hatari hiyo, kostiki haikutusaidia. Inayageuza mafuta kuwa sabuni, sabuni inasogea mbele kidogo, inapoa, inaganda upya mahali ambapo mkono haufiki. Na ikimwagwa kwa wingi inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya shimo, ambavyo ndivyo vinavyotufanyia kazi usiku na mchana. Maji yanayotokota nayo si mazuri. Bomba la PVC huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80, na sisi tulikuwa tukimwaga birika zima likichemka. Maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, pamoja na sabuni ya vyombo, yanatosha.

Aliyetutoa kwenye shida hii ni fundi mmoja mzee, aliyeletwa na jirani. Hakuligusa sinki. Alifungua maji jikoni, akaenda kusimama bafuni akisikiliza. Tundu la maji la bafuni likaanza kugugumia, kisha likatoa povu la sabuni ya vyombo. Akaniita. "Mwanangu, sinki peke yake likiziba, tafuta chini ya sinki. Jikoni na bafuni vikisemezana hivi, tatizo liko mbele ya vyote viwili. Chemba zenu ziko wapi?"

Hatukujua. Chemba ni vile visanduku vyenye kifuniko ambamo bomba la maji machafu hupita na kukaguliwa. Tulipotandika pevingi uani, mafundi walizifunika zote, na sisi tulisifia jinsi uwanja ulivyopendeza. Ikabidi tung'oe pevingi kwa kubahatisha mpaka tukazipata. Chemba ya kwanza, iliyo karibu na jiko, ilikuwa imejaa mpaka juu. Ya pili, karibu mita 9 mbele, ilikuwa kavu. Mzee akatuambia kuwa hapo kazi ya kutafuta imekwisha: iliyojaa na iliyo kavu, kizuizi kiko katikati yake. Kama zote mbili zingejaa, tungeenda mbele zaidi, pengine hadi kwenye shimo. Kama ya kwanza ingekuwa kavu, tungerudi nyuma kuelekea jikoni. Ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kabla ya kuita fundi, ilimradi ajue chemba zilipo.

Tukachimba. Mzee akavuta kamba kutoka chemba hadi chemba, akaweka pima maji juu ya bomba. Katikati lilikuwa limezama. Gari linalotuletea maji wakati kisima kikipungua lilikuwa likipita juu yake kila mara, na udongo wa chini haukushindiliwa vizuri tangu mwanzo. Bomba la maji machafu halisukumwi na pampu. Linategemea mwinamo peke yake. Likizama katikati, maji yanatuama pale, na kila kizito kinatua.

Alipolikata, ndani mlikuwa na kitu cheupe kigumu kama mshumaa, kimeshikamana na punje za wali, nyuzi za steelwool na mchanga wa kusugulia masufuria. Nafasi iliyobaki wazi isingepitisha kidole gumba. Hapo nikaelewa kwa nini sinki lilisumbua zaidi mwezi wa 6 na wa 7. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe hata Dar es Salaam hufika huko. Ya mgando na ya supu ya ng'ombe hayangoji hata baridi. Tena maji yetu ya kisima yana chokaa nyingi, na mafuta yakikutana na chokaa hiyo kwa muda mrefu yanajenga gamba gumu linalokataa kuyeyuka kwa maji ya moto.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Kwa miaka hiyo 2 tulikuwa tukimlaumu mpangaji wetu, mama mwenye watoto wadogo. Tulisema ndiye anayetupa makombo na pampasi. Mama alimsema mara mbili mbele ya watu. Mfereji ulipokuwa wazi, tuliona wote kwamba bomba la wapangaji linaingia kwenye chemba ya pili, ile kavu. Maji yao hayakuwa yakipita kabisa pale palipoziba. Uchafu wote ulikuwa wetu. Jioni ile Mama alijifunga kanga akaenda mwenyewe mlangoni kwake, akamwambia, "Mwanangu, nimekukosea, nisamehe." Yule mama alilia. Ninaliandika hili kwa sababu najua nyumba nyingi za kupanga ambako bomba moja linawagombanisha watu wazima, na hakuna aliyewahi kufunua kifuniko akaangalia.

Matengenezo yalichukua siku 2. Bomba jipya la inchi 4 lililazwa juu ya mchanga ulioshindiliwa, likashuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita, yaani kama sentimita 22 kwa mita zile 9. Kona ya mraba iliyokuwa ikitoka jikoni ilitolewa, zikawekwa elbo 2 za nyuzi 45, kwa sababu kona kali hukamata mafuta. Njia ya gari la maji tukaimwagia zege.

Kisha mzee akatujengea kisanduku cha kunasia mafuta nje ya dirisha la jiko. Ni tofali na plasta, upana wa sentimita 60. Maji ya sinki yanaingia upande mmoja, na upande wa pili yanatoka kupitia tii, yaani kiungio cha bomba chenye umbo la T, iliyoelekezwa chini, mdomo wake ukiwa ndani kabisa ya maji. Mafuta ni mepesi, yanaelea. Mchanga unatua chini. Yanayopita ni maji ya katikati. Kila Jumamosi tunakokota yaliyoelea kwa kijiko kikubwa na kuyatupa pamoja na takataka kavu. Harufu yake si ya kuisimulia, lakini wiki ile ya kwanza nilipoona kiasi kilichonaswa, nilijua tulikuwa tukilisha bomba kitu gani. Kwa mtu anayepika kwa biashara, ningesema ajenge hiki kabla hata ya kununua sinki zuri.

Mengine ni mazoea ya nyumbani. Mafuta ya kukaangia Mama huyaweka kwenye dumu, na jirani anayetengeneza sabuni huyachukua. Sufuria lenye mafuta linafutwa kwa gazeti kabla ya kuoshwa. Ukoko na punje haviruhusiwi kupita chujio. Kusugua kwa mchanga na majivu ni uani, mbali na sinki. Bafuni, dada zangu wakifumua rasta, nywele zinakusanywa kwa mkono kabla ya kuoga. Na ile trapu ya chini ya sinki, iliyo kama chupa, naifungua mwenyewe kila mwezi. Inazungushwa kwa mkono, ndoo ikiwa chini yake. Nikiirudisha nahakikisha imejaa maji, kwani maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande.

Kwa wanaosumbuliwa masika tu, vyoo vyote vikikataa kwa pamoja: msihangaike na waya. Huenda ardhi imelowa na shimo halinyonyi tena, au limejaa tope, na gari la kunyonya linatakiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5, kutegemea wingi wa watu. Angalieni pia maji ya bati. Yetu yalikuwa yameelekezwa kwenye chemba, na mzee aliyatoa siku hiyo hiyo.

Imepita miezi 14. Masika imepita, kipupwe kimepita, na sinki halijaziba. Vifuniko vya chemba sasa viko usawa wa pevingi, vina pete za kuinulia, na nimechora mahali vilipo pamoja na umbali wake kutoka ukutani. Mchoro huo nimeubandika nyuma ya mlango wa stoo, na nakala nyingine nimempa yule mpangaji.