Kabla hujanunua kamba, tafuta wa kuishika

Huu ni mwaka wangu wa 11 nikikata miti ya watu, Tanga na Dar: miembe iliyolalia mabati, mikungu iliyopasua ukuta wa jirani, mikaratusi iliyopandwa hatua mbili kutoka dirishani. Kila wiki hainipiti bila kijana kuniuliza, "Kaka, nataka kuingia kwenye hiyo kazi, nianze na chenso gani?"

Chenso, yaani msumeno wa mota, tutaizungumza siku nyingine. Kwanza niambie, nani atakushikia kamba?

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa juu ya mwembe uani kwa mama mmoja. Chini kuna tanki la maji na banda la kuku, kwa hiyo hakuna kuangusha kitu, kila kipande kinateremshwa kwa kamba. Matawi yalikwisha salama, likabaki shina. Kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, nikalifunga chini kidogo ya mahali pa kukata, kamba ikapita humo ikashuka hadi kwa kijana niliyemchukua kijiweni asubuhi ile. Nikampigia kelele: "Shika!"

Akashika kweli. Kamba aliizungusha kwenye shina mara nne, na juu yake akapiga fundo. Gogo lilipopinduka likaenda kama mita moja na nusu, kamba ikakaza ghafla, shina zima likayumba na mimi juu yake kama bendera ya mlingotini. Kisha gogo likarudi kulipiga shina. Lilibandua gome la upana wa sahani, kiasi cha shibiri moja chini ya kiatu changu. Nilibaki nimeukumbatia ule mti hadi majimoto, wale sisimizi wakali wa miembeni, wakanimaliza shingo, na sikuwasikia.

Kijana yule hakukosea. Nilimwambia ashike, akashika.

Hesabu yake iko hivi. Gogo bichi la mwembe lenye upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 1 lina kilo 100 na ushee. Likining'inia limetulia, panda (pale tawi linapogawanyika) au shina lililobeba kapi halibebi kilo 100, linabeba 200, kwa kuwa gogo linavuta upande huu na mshikaji anavuta upande ule. Hapo ni limetulia. Likianguka kwanza ndipo lidakwe, mzigo unapanda mara kadhaa, na kadiri linavyosimamishwa ghafla ndivyo unavyozidi. Wengi hudanganywa na upana pia. Gogo la sentimita 80 si mara mbili ya lile la 40, ni mara nne. Ndiyo maana nikiteremka kwenye unene nakata vipande vifupi, hata mteja akinuna kwamba tunachelewa.

Dawa ya kishindo iko kwa mtu wa chini. Anaizungusha kamba shinani mara mbili, mara tatu kama kipande ni kizito, gogo likiondoka anaiacha itembee, halafu anaibana kidogo kidogo mpaka lisimame karibu na ardhi. Hasimami chini ya mzigo. Haizungushi kamba mkononi wala kiunoni, kamwe. Mjomba wangu alikuwa baharia wa jahazi, na nilipomsimulia mkasa wa mwembe alinisikitikia tu: "Mjomba, foromali haidakwi, inapokewa." Foromali ni ile boriti ndefu inayobeba tanga, na henza ni kamba ya kuipandishia. Wao walikuwa na kapi na henza kabla yetu.

Ufundi huo haufundishwi kwa asubuhi moja, na hapa ndipo biashara yetu ilipopinda. Mpandaji analipwa 50,000 kwa siku, wa kamba anapewa 15,000, kesho anakwenda kubeba zege, wewe unaokota mwingine. Mimi wangu namlipa 35,000, na huu ni mwaka wa 6 tuko pamoja. Chenso ikilia hatusikilizani, tunaongea kwa mikono. Na ana ruhusa ya kusimamisha kazi bila kunieleza sababu hadi nishuke. Amefanya hivyo mara mbili. Mara moja ilikuwa nyuki ndani ya tundu, mimi nilikuwa sijawaona. Nilipoanza kuwa na watu wa kudumu niliwaandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana harambee ya hospitali nimeichangia mara nyingi mno.

Kamba sasa. Zile za plastiki za bluu na kijani za dukani funga mbuzi. Zikisuguana na gome chini ya mzigo zinayeyuka, na jua linazila. Katani, pamoja na mapenzi yetu watu wa Tanga, naitumia kuvuta mti uelekee ninakotaka tu, kwa sababu ikinyeshewa inaoza kutoka ndani huku nje inapendeza. Kamba kuukuu za meli ni nene na zinatia moyo, ila hujui zimevuta nini kabla hazijafika kwako. Kushushia magogo natumia poliesta. Fundo peke yake linaweza kula nusu ya nguvu ya kamba, na kishindo kinazidisha mzigo, hivyo inayokatikia kilo 3,000 mimi naihesabu 300. Kila asubuhi naipitisha yote kiganjani. Nikikuta sehemu imekakamaa au inang'aa kama imepakwa nta, hapo imeungua, nakata.

Kamba ya kupandia haishushi gogo hata siku moja. Na chenso ikiwaka nakuwa nimejifunga sehemu mbili, maana mnyororo hauchagui kati ya tawi na kamba.

Mnazi uliokufa kwa chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, sipandi, hata kwa bei gani: ni mgumu nje, ndani unga, na juu hakuna panda ya kufungia kitu. Matawi yaliyogusa waya nayo nasubiri TANESCO wakate umeme kwanza. Wateja wawili watatu nimewapoteza kwa hayo.

Juzi baba mwenye nyumba aliniuliza kwa nini namlipa pesa yote ile mtu "anayeshika kamba tu". Nikamwambia karibu mzee, kipande kinachofuata ni chepesi, kilo 30 hivi, pokea wewe. Akacheka, akaingia ndani kutuletea chai.