getprinc: jinsi ya kusoma akaunti ya Kerberos bila kudanganywa na mistari yake

Mtumiaji wa Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi, anaandika kinit (amri ya kuomba tiketi), anaweka nywila aliyo na uhakika nayo, kisha anajibiwa "Client's credentials have been revoked". Msimamizi mwenye haraka humbadilishia nywila papo hapo. Mara nyingine inasaidia, mara nyingine haisaidii, naye msimamizi hajui kwa nini. Sababu ni kwamba ujumbe huo mmoja hutoka kwa makosa mawili tofauti, na yote mawili yanaonekana waziwazi ukifungua taarifa za akaunti kabla ya kugusa chochote. Amri ni getprinc. Kuiandika ni kazi ya sekunde tano. Kuisoma ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu karibu kila mstari wake unahitaji kulinganishwa na kitu kingine kilicho nje ya ukurasa huo.

Maelezo haya ni ya Kerberos ya MIT. Heimdal, utekelezaji mwingine wa Kerberos, nitaigusa mwishoni.

Kuifungua kanzidata kuna njia mbili. Ukiwa ndani ya seva ya KDC (ile inayotoa tiketi) kama root, tumia kadmin.local. Hii haiulizi nywila wala haipiti kwenye mtandao, inasoma faili za kanzidata moja kwa moja:

kadmin.local -q "getprinc amina"

Ukiwa kwenye mashine nyingine, tumia kadmin, ambayo huzungumza na kadmind, programu ya usimamizi iliyo kwenye seva kuu, kupitia mlango 749:

kadmin -p msimamizi/admin -q "getprinc amina"

Usiache -p. Bila hiyo, kadmin hulichukua jina lililo kwenye tiketi yako, au jina lako la kuingilia kwenye mashine, na kulibandika /admin. Kama hakuna akaunti yenye jina hilo, utaambiwa haipo kwenye kanzidata, na mgeni wa kazi hudhani anayekosekana ni amina, kumbe ni yeye mwenyewe.

Ukijibiwa "Operation requires ``get'' privilege", umeingia vizuri ila huna ruhusa ya kutazama. Ruhusa hizo ziko kwenye faili la kadm5.acl: kwa Debian na jamaa zake liko /etc/krb5kdc, kwa Red Hat na jamaa zake /var/kerberos/krb5kdc. Watu wa dawati la msaada wanahitaji herufi mbili tu, i ya kutazama akaunti na l ya kuorodhesha majina:

dawati/admin@EXAMPLE.COM    il

Herufi ziwe ndogo, maana kubwa hukataza badala ya kuruhusu. Mistari husomwa kuanzia juu na wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, kwa hiyo mstari mpana wenye nyota ukiwa juu utaufunika wako. Kisha washa upya kadmind, la sivyo hakuna kitakachobadilika. Tafadhali usimpe mtu nyota, yaani ruhusa zote, eti kwa sababu anahitaji kuangalia tarehe ya nywila. Na mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kutazama akaunti yake mwenyewe bila mstari wowote kwenye faili hilo; inatosha aingie kwa kadmin -p amina.

Jina nalo lina visa vyake. Amina na amina ni akaunti mbili. HTTP/www.example.com si http/www.example.com, na hili la pili ndilo chanzo cha "Principal does not exist" nyingi kwenye akaunti za huduma. Usibahatishe, orodhesha kwanza:

kadmin.local -q "listprincs *amina*"

Alama za kutafutia ni nyota, alama ya kuuliza na mabano ya mraba. Usipoandika @, himaya yako (realm, kama EXAMPLE.COM) huongezwa yenyewe mwishoni.

Sasa tuusome ukurasa wenyewe. Tuseme saa ya seva ni 10:05 asubuhi, tarehe 13 Mei 2025:

Principal: amina@EXAMPLE.COM
Expiration date: [never]
Last password change: Mon Mar 03 08:12:40 UTC 2025
Password expiration date: Sun Jun 01 08:12:40 UTC 2025
Maximum ticket life: 1 day 00:00:00
Maximum renewable life: 7 days 00:00:00
Last modified: Mon Mar 03 08:12:40 UTC 2025 (msimamizi/admin@EXAMPLE.COM)
Last successful authentication: Tue May 13 06:58:02 UTC 2025
Last failed authentication: Tue May 13 09:41:17 UTC 2025
Failed password attempts: 5
Number of keys: 2
Key: vno 4, aes256-cts-hmac-sha1-96
Key: vno 4, aes128-cts-hmac-sha1-96
MKey: vno 1
Attributes: REQUIRES_PRE_AUTH
Policy: wafanyakazi

Anza na Attributes, japo iko karibu na mwisho. Ungeona DISALLOW_ALL_TIX hapo, basi kuna mtu aliyeizima akaunti kwa mkono, na kubadilisha nywila hata mara kumi hakutaifungua. Hapa haipo. Kilichobaki ni kufungiwa kwa sababu ya kukosea nywila, na hapo ndipo ukurasa unaponyamaza: hakuna mstari wowote unaosema "imefungiwa". Lazima upige hesabu mwenyewe, na kiungo kinachokosekana kiko kwenye sera ya nywila iliyotajwa kwenye mstari wa Policy:

kadmin.local -q "getpol wafanyakazi"

Tazama mistari mitatu ya mwisho. Tuseme Maximum password failures before lockout ni 5, Password failure count reset interval ni dakika 10, na Password lockout duration ni dakika 30. Amina amekosea mara 5, amefikia kikomo. Kosa la mwisho lilikuwa 09:41:17; ongeza dakika 30, unapata 10:11:17. Sasa ni 10:05, kwa hiyo amefungiwa kwa dakika sita zaidi. Anaweza kusubiri, au umfungulie:

kadmin.local -q "modprinc -unlock amina"

Kama lockout duration ni 0, usimwambie asubiri. Sifuri hapo ina maana kwamba atabaki amefungiwa mpaka msimamizi amfungulie.

Mtego wa hesabu hii ni ile 5 yenyewe. Haijifuti muda ukipita. Hufutwa pale mtumiaji anapofaulu kuingia, au huanza kuhesabiwa upya akikosea tena baada ya ule muda wa dakika 10 kwisha. Ndiyo maana ukitazama kesho yake utaikuta 5 palepale ilhali kifungo kiliisha jana. Namba peke yake haisemi kitu, isome pamoja na saa ya kosa la mwisho.

Na kuna jambo linalowapotosha hata wazoefu: hesabu ya makosa haisambazwi kutoka seva moja kwenda nyingine. Kila KDC hujihesabia yake. Amina anaweza kuwa amefungiwa kwenye seva nakala huku seva kuu ikionyesha sifuri, na kadmin ya mtandaoni itakuonyesha ya seva kuu tu, kwa kuwa kadmind ndiko iliko. Ukiona ukurasa msafi na mtumiaji bado analia, ingia kwenye kila seva nakala uendeshe kadmin.local huko. Kinachosafiri hadi kwenye nakala ni kile kitendo cha -unlock, lakini nacho kinafika kwa ratiba ya usambazaji, si papo hapo.

Kabla hujaamini [never] kwenye Last successful authentication, hakikisha mambo mawili. Akaunti isiyo na REQUIRES_PRE_AUTH (sharti la mtumiaji kujithibitisha kabla KDC haijampa tiketi) haiandikiwi mstari huo kamwe. Na kama kdc.conf, faili la mipangilio la KDC, ina disable_last_success = true, hakuna akaunti itakayoandikiwa; wengine huweka hivyo kupunguza uandishi kwenye diski. Vivyo hivyo disable_lockout huizima hesabu ya makosa. Watu wameshafuta akaunti "zisizotumika" zilizokuwa zikitumika kila siku kwa kuutegemea mstari huu. Akaunti ya mtu kukosa REQUIRES_PRE_AUTH ni kasoro ya kurekebishwa leoleo kwa sababu nyingine pia: yeyote anaweza kuomba jibu la KDC kwa jina hilo na kwenda kuibahatisha nywila nyumbani kwake, bila kosa hata moja kuhesabiwa.

Tarehe za mwisho ziko mbili na huchanganywa kila siku. Expiration date ni ya akaunti nzima. Ikipita, mtumiaji huona "Client's entry in database has expired" na hawezi kujisaidia. Password expiration date ni ya nywila tu. Ikipita, kinit humtaka aweke mpya. Hii ya pili huandikwa pale nywila inapobadilishwa, kwa kujumlisha umri uliomo kwenye sera. Hapo juu ni siku 90 kutoka tarehe 3 Machi. Ukipunguza umri huo kwa modpol (amri ya kubadilisha sera) leo, tarehe zilizokwisha kuandikwa hazisogei. Kila mtu ataendelea na ya zamani hadi abadilishe nywila. Kama Policy ina jina likifuatiwa na [does not exist], akaunti imetajiwa sera ambayo haijaundwa au imefutwa, na hakuna sheria ya nywila inayomlinda.

Maximum renewable life husababisha malalamiko ya aina moja: "ukurasa unasema siku 7, mbona tiketi haihuishwi?" KDC haitazami akaunti ya mtumiaji peke yake. Huchukua kiwango kidogo kuliko vyote kati ya kile alichoomba, cha akaunti yake, cha huduma anayoiendea, na cha kdc.conf. Kwa tiketi ya kwanza, huduma hiyo ni krbtgt, akaunti ya KDC yenyewe:

kadmin.local -q "getprinc krbtgt/EXAMPLE.COM"

Mara nyingi utakuta 0 days 00:00:00 hapo. Chimbuko lake ni max_renewable_life ya kdc.conf, ambayo isipoandikwa ni sifuri, na kanzidata ikiundwa katika hali hiyo krbtgt huzaliwa na sifuri. Rekebisha kote kuwili, faili na modprinc -maxrenewlife "7 days" kwa krbtgt, kisha mtumiaji achukue tiketi mpya. Tiketi ya zamani haitabadilika.

Kwa akaunti za huduma, mstari wa kuutazama ni Key: vno, yaani namba ya toleo la ufunguo. Linganisha na kilichoko kwenye keytab, faili la funguo lililo kwenye seva ya huduma:

klist -kte /etc/krb5.keytab

Kama kanzidata inasema vno 5 na faili linasema 4, huenda kuna mtu aliyeendesha ktadd (amri ya kuandika funguo kwenye keytab) mahali pengine. ktadd huunda funguo mpya kila inapoitwa bila -norandkey, na faili zote za keytab zilizokuwepo zinabaki na funguo zilizopitwa. Kwenye mistari hiyohiyo angalia aina ya usimbaji: arcfour-hmac ikiwa peke yake ni dalili kwamba nywila haijabadilishwa tangu enzi za usanidi wa zamani. Number of keys ni hesabu ya mistari hiyo, si ya nywila, na nywila yenyewe haionekani popote. MKey ni toleo la ufunguo mkuu uliofungia funguo hizo. Utaihitaji siku ya kubadilisha ufunguo mkuu, vinginevyo ipite. Kuna pia maelezo ya ziada ambayo getprinc haiyaonyeshi kabisa, kama vile mipangilio ya OTP (nywila za kutumika mara moja). Hayo huonekana kwa getstrs.

Ukitaka kuziangalia akaunti zote kwa pamoja, usizungushe getprinc mara elfu. Tangu toleo 1.14 kuna tabdump:

kdb5_util tabdump -c -o kufungiwa.csv princ_lockout
kdb5_util tabdump -c -o muda.csv princ_tktpolicy

Ya kwanza hutoa mafanikio ya mwisho, kosa la mwisho na hesabu ya makosa. Ya pili tarehe za mwisho na umri wa tiketi. princ_meta hutoa aliyebadilisha, tarehe ya nywila na sera. Iache keydata: hiyo huandika funguo zenyewe kwenye faili, na kwa kutazama aina na matoleo tu keyinfo inatosha.

Kwenye Heimdal, amri ni kadmin -l get amina, ambapo -l ni ile ya ndani ya seva. Kwenye FreeIPA, mfumo wa kusimamia watumiaji unaotumia Kerberos ya MIT ndani yake, kadmin.local hufaa kusoma, lakini mabadiliko yafanye kwa zana za ipa. Na kwa suala la kufungiwa, ipa user-status amina hukuletea hesabu ya kila seva kwa mpigo mmoja, ile kazi ya kuzunguka seva nakala niliyoieleza hapo juu.

Saa zote kwenye getprinc huandikwa kwa majira ya mashine unayoendeshea amri. Ukilinganisha na logi ya seva iliyo kwenye majira mengine, tanguliza TZ=UTC mbele ya amri, na saa za logi nazo zigeuze ziwe za UTC.